Tulilipia urithi na wanyamapori wa Pwani, tukaishia langoni: nadai fedha za viingilio

Wazazi wenzangu wa Kisumu, nimekaa siku tisa nikingoja nipoe kabla ya kuandika, na bado sijapoa. Wakala mmoja wa safari wa hapa mjini alitutoza shilingi 14,500 kwa mtu mzima na 9,000 kwa mtoto kwa kile alichokiita wikendi ya familia ya wanyamapori na urithi wa Pwani. Bei hiyo, kwa maandishi yake mwenyewe, ilijumuisha usafiri, malazi, chakula na viingilio vyote vya Fort Jesus, Hifadhi ya Shimba Hills na magofu ya Gede. Tulikuwa familia kumi na moja, na wengi wetu tulianza kuweka akiba Januari.

Basi la saa kumi na moja jioni liliondoka saa tano usiku. Hilo ningelisamehe, kwa maana safari ni ya zaidi ya kilomita 800 na gari huharibika. Nisichokisamehe ni kwamba tulipofika Mombasa Ijumaa alasiri, tayari tumechelewa, tulishushwa kwanza kwenye duka la vinyago tukazuiliwa huko kwa zaidi ya saa moja, huku mratibu akizungumza faragha na mwenye duka. Tulipoingia Fort Jesus zilisalia dakika thelathini na tano milango ifungwe. Ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikazingirwa na Waomani tangu 1696 hadi ilipoanguka 1698, kisha Waingereza wakaifanya gereza, watoto wetu waliipita mbiombio bila mtembezaji, kwa sababu yule tuliyeahidiwa hakuwa ameitwa wala kulipwa. Binti yangu wa Gredi ya 6 alikuwa ameandika maswali kumi na mawili daftarini. Hakupata wa kumjibu hata moja.

Jumamosi ndiyo iliyoniumiza zaidi. Shimba Hills ndiyo makao pekee ya palahala, swala mkubwa, nchini Kenya, na ni picha ya dume lake jeusi, pembe zikiwa zimepinda kuelekea mgongoni, ambayo wakala aliitumia kutuvutia. Wanyama hutafutwa asubuhi na mapema au jua likipunga. Sisi tulivuka kivuko cha Likoni saa nne, tukafika langoni karibu saa sita mchana. Hapo askari wa hifadhi akatueleza kwa upole kwamba hakuna malipo yoyote yaliyofanywa kwa ajili ya kundi letu. Viingilio hivyo hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, na kila malipo huacha kumbukumbu, kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba risiti ilipotea njiani. Mratibu alisogea pembeni na simu yake, akarudi kututaka kila mzazi ajilipie, tutarudishiwa Kisumu. Familia saba tukalipa. Familia nne, zilizobakiwa na fedha za dharura tu, zilikaa chini ya mti langoni kwa saa mbili, watoto wao wakitazama basi likituchukua sisi. Naona aibu mpaka leo kwamba nilipanda. Palahala hatukumwona, tuliona nyani na nyayo za ndovu.

Gede ilifutwa kabisa, eti dereva alihitaji kuanza safari ya kurudi mapema. Mji ule wa mawe ya matumbawe, wenye msikiti mkuu, kasri na kaburi lililochorwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na ndio ulionifanya nichague safari hii badala ya kuwapeleka watoto Ziwa Nakuru, hapa karibu.

Wakala amenijibu mara moja tu, kwamba mambo ya Pwani hayatabiriki. Huko ni kuwasingizia watu wa Pwani, ambao hawakutukosea kwa lolote. Mwanangu mdogo sasa anawaambia wenzake kwamba Pwani hakuna kitu, na maneno hayo yananichoma kuliko shilingi nilizopoteza.

Nadai viingilio vya Shimba Hills tulivyolipa mara mbili, viingilio vya Gede ambavyo havikutumika, na fidia kwa zile familia nne zilizoachwa langoni. Mliokuwa katika basi lile, tafadhali nitumieni nakala za risiti zenu za eCitizen kabla ya Ijumaa, kwa kuwa siku hiyo ninawasilisha malalamiko kwa mamlaka inayowapa mawakala wa utalii leseni.