Naomba ushauri: ndege wadogo wa kahawia, picha za mbali kutoka Ndutu

Habari zenu wakuu. Nimerudi kutoka Ndutu, kule karibu na Serengeti, na picha kama 40 za ndege wadogo wa kahawia, na nimekwama. Lenzi yangu ni ya milimita 300. Nikikuza picha, ndege anabaki punje ya mtama juu ya nyasi kavu.

Kundi moja nadhani ni kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, maana midomo minene myekundu inaonekana hata kwa mbali. Ila wawili hawana mdomo mwekundu. Nimesoma kwamba jike la kwelea hubadilika mdomo kuwa wa njano wakati wa kuzaliana, je, yaweza kuwa ndiyo hao?

Anayeninyima usingizi ni mwingine: alikuwa akitembea chini, harukiruki, kifua kina michirizi myeusi, na alipopaa niliona weupe pembeni mwa mkia. Kipozamataza huyu (ndege mdogo wa kahawia wa nyikani), au jamii ya kitikisa, wale wanaotikisa mkia? Mdomo umefichwa na jani, na ndio ningeutegemea zaidi.

Wazoefu, kwa picha ya mbali mnaanza kuangalia nini: mdomo, mkia, au namna anavyosimama? Na safari ijayo nirekodi na sauti?