Ushauri: kununua Mercedes-Benz S350 ya 2007 iliyoko Dar es Salaam nami nikiwa Mwanza

Mkazi wa Kirumba

Wakuu, habari za leo. Ninaishi Mwanza na kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia Mercedes-Benz S350 ya mwaka 2007, umbo ambalo mafundi huliita W221, inayouzwa na yadi moja ya Dar es Salaam. Yadi hiyo si wakala rasmi wa kampuni yoyote ya magari na haina tawi Kanda ya Ziwa; mwenyewe ni mfanyabiashara anayenunua magari yaliyokwisha kutumika hapa nchini, anayasafisha, kisha anayauza. Gari lina namba D, yaani limekwisha kusajiliwa hapa nchini, ni jeusi, viti vyake ni vya ngozi, na katika picha alizonitumia sioni hata mkwaruzo. Bei anayotaja inakaribiana na ya Toyota Harrier za mkononi ambazo majirani zangu wengi wanaendesha, na hapo ndipo mashaka yangu yanapoanzia.

Muuzaji anasema gari lilitoka Uingereza, limetembea kilomita 98,000, na halina tatizo lolote. Anasema pia kuna mteja mwingine anayelitaka, hivyo nitume nusu ya fedha ili anishikilie gari, na akipokea salio atampa dereva wake alilete hadi Mwanza.

Maisha yangu yote nimeendesha Toyota na sijawahi kumiliki gari lenye shokapu za upepo. Naomba kujua mambo mawili. Je, mtu aliye mbali zaidi ya kilomita 1,100 anaweza kulihakiki gari la namna hii kwa kiwango cha kuridhisha, na aangalie nini hasa? Pili, isingekuwa busara zaidi niagize mwenyewe kutoka Japani?

Fundi wa Gerezani

Mkuu, nitajibu upande wa ufundi tu, mengine nawaachia wenye uzoefu nayo.

Anza na injini. S350 ya miaka hiyo ina injini ya V6 ya lita 3.5 iitwayo M272, na injini hizo zilipoanza kutengenezwa zilikuwa na gia moja dhaifu kwenye shafti ya kusawazisha mtikisiko. Meno ya gia hiyo hulika kabla ya wakati wake, mpangilio wa cheni ya injini unahama, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na kipimo cha kompyuta kinaonyesha kosa namba 1200 au 1208. Ubaya wake ni kwamba gia yenyewe si ghali, lakini kuifikia ni lazima injini ishushwe, kwa hiyo utakacholipia hasa ni kazi. Kiwanda kilibadilisha gia hiyo baadaye, na mpaka unajulikana: injini ambazo tarakimu sita za mwisho za namba yake hazizidi 468993 ndizo zenye gia ya zamani. Gari la 2007 linaweza kuangukia upande wowote, kwa hiyo mwaka haukusaidii. Omba namba ya injini. Imeandikwa kwenye kadi ya gari, lakini usitegemee kadi peke yake. Mwambie aipige picha kwenye injini yenyewe, kwa kuwa injini huwa zinabadilishwa na kadi ikabaki vilevile.

Sasa shokapu za upepo, ambazo ndizo zinazowafukuza watu wengi kwenye magari haya. Upepo ukivuja kwenye shokapu moja, gari huinama kona hiyo likilala usiku kucha, na asubuhi likiwashwa kompresa, yaani pampu ya upepo, hulisukuma hadi likasimama sawa. Ndiyo maana picha ya yadi haikuambii chochote, kwa sababu mpiga picha huja gari likiwa limekwisha kuwashwa. Kompresa inayofanya kazi kila mara kufidia mvujo nayo huungua, na hapo matengenezo yanakuwa mawili badala ya moja. Mwombe muuzaji akupigie simu ya video alfajiri, kabla hajagusa ufunguo, alizunguke gari lote na apime kwa futi kutoka katikati ya kila tairi hadi ukingo wa bodi juu yake. Tairi za mbele zilingane zenyewe kwa zenyewe, na za nyuma vivyo hivyo. Baada ya hapo ndipo aliwashe, nawe usikilize: injini hiyo ikiwa baridi haipaswi kugonga kama bati kwa sekunde za mwanzo. Mwisho abonyeze kitufe cha kuinua gari uone kama linapanda.

Kuna hila nyingine ya hapa kwetu. Shokapu za upepo zikifa, wapo wanaoziondoa na kuweka springi za kawaida, kisha taa ya hitilafu inazimwa kwa ujanja. Gari la hivyo halishuki asubuhi hata kidogo, na mtu asiyejua huliona zima kuliko lisiloguswa. Mtu utakayemtuma kukagua lazima achungulie nyuma ya kila tairi kwa tochi.

Giaboksi ni ya gia saba, na kompyuta yake iko ndani ya giaboksi yenyewe, ikiogelea kwenye oili. Ikiharibika, gari hukwama gia moja. Huwezi kuchomoa ya gari jingine ukaifunga na kuondoka, kwa sababu inafungamanishwa na gari lake kwa programu, na wanaoweza kazi hiyo kwa uhakika si wengi hata hapa Dar. Gari liendeshwe angalau nusu saa hadi lipate joto, likipanda na kushuka gia zote, pamoja na foleni.

Jambo la mwisho ndilo ambalo wanunuzi hulipuuza. Kupima kwa mashine na kukuta hakuna kosa si dalili ya uzima, maana makosa hufutwa kwa dakika moja. Mwambie fundi wako asome pia ile orodha ya majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe. Makosa yakifutwa, majaribio hayo hurudi kuwa hayajakamilika mpaka gari litembee umbali wa kutosha. Ukikuta majaribio mengi hayajakamilika kwenye gari linalodaiwa halina tatizo, huenda kuna mtu aliyefuta makosa yake hivi karibuni. Na fundi huyo umtafute mwenyewe. Asiwe yule ambaye yadi inakupendekezea.

Wakala wa Forodha, Kurasini

Nianze na swali lako la Japani, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Gari la 2007 limepita miaka 10, na kwa gari la umri huo ushuru wa bidhaa huongezwa 30% kwa ajili ya uchakavu peke yake, wakati lile la miaka 8 hadi 10 huongezwa 15%. Juu ya hapo kuna 10% kwa sababu injini imezidi cc 2,000, yako ikiwa na cc 3,498, halafu ushuru wa forodha, halafu VAT ya 18% inayokokotolewa juu ya jumla ya hayo yote. Mamlaka ya Mapato (TRA) ina kikokotoo cha magari mtandaoni. Ingiza aina na mwaka uone mwenyewe. Ukimaliza utaelewa kwa nini gari la namba D linauzwa bei hiyo: kodi iliishalipwa na mtu mwingine, na thamani ikashuka mikononi mwake. Kwa gari la rika hilo, kununua lililoko nchini kuna mantiki, mradi historia yake ijulikane.

Hakikisha kwanza kwamba kodi hiyo ililipwa kweli. Magari ya kifahari hapa nchini mengi yalipita kwa wanadiplomasia, mashirika ya kimataifa na miradi yenye msamaha wa kodi. Gari la msamaha likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa, na ikiwa haikulipwa, wewe ndiye utakayekwama siku ya kuhamisha umiliki. Linganisha namba ya chasisi iliyoko kwenye gari na iliyoko kwenye kadi, uangalie pia kama gari linadaiwa faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi.

Kuhusu kilomita, asili ya gari inaweza kukusaidia. Kama kweli lilitoka Uingereza, omba namba lililokuwa nayo huko. Ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya Uingereza huanza gari likifikisha miaka 3, na matokeo yake, pamoja na maili zilizosomwa siku ya ukaguzi, yako wazi mtandaoni bila malipo kwa yeyote mwenye namba ya gari. Gari la 2007 lingekuwa na kumbukumbu kuanzia 2010 hadi mwaka lilipoondoka. Kama lilitoka Japani, kuna hati ya kufutiwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa, nayo hutaja kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Muuzaji akishindwa kuonyesha chochote katika hivyo viwili, zile 98,000 zihesabu kama mapambo.

Shangazi wa Ilemela

Naomba niulize jambo ambalo wote mmelipita. Likishafika Mwanza, nani atalihudumia? Nina ndugu anayemiliki gari la aina hiyo hapa mjini, na kila tatizo kubwa linapotokea hulipakia kwenye lori kulirudisha Dar es Salaam, kwa sababu vifaa vya kupimia giaboksi hiyo havipatikani kila gereji. Mwanangu, ongeza gharama hiyo kwenye bei kabla hujasema ni rahisi kama Harrier. Na huyo dereva wa muuzaji simpendi. Mtu ambaye hana hasara yoyote likiharibika hawezi kuyaheshimu matuta ya barabarani kutoka Morogoro hadi Shinyanga.

Mwanasheria wa Ubungo

Jina lililoko kwenye kadi ni la nani? Hilo ndilo swali la kwanza, na mara nyingi si la mwenye yadi. Magari mengi hukaa yadi kwa makubaliano tu, mwenye gari akisubiri fedha yake, au yamenunuliwa bila umiliki kuhamishwa. Mkataba wako uwe na mwenye kadi, au yadi ionyeshe mikataba inayounganisha mwenye kadi na yenyewe, au idhini ya maandishi ya kuuza kwa niaba yake. Kama kadi halisi haipo mkononi mwao, uliza kama imeshikwa na benki kwa ajili ya mkopo.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi kwa kiasi: anayenunua kwa maelezo kutoka kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo anastahili kupata kitu cha ubora unaouzika. Lakini ulinzi huo haugusi kasoro ambayo ukaguzi ulioufanya ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo ukituma fundi, awe fundi kweli, maana ukaguzi wa juujuu unaweza kukudhuru kuliko kutokagua kabisa. Kila alichokutamkia kwa simu, yaani kilomita, nchi lilikotoka, kutopata ajali, kiandikwe kwenye mkataba. Ukikuta kifungu kinachosema gari linauzwa kama lilivyo, ujue kwamba kimewekwa ili maneno hayo ya simu yasikusaidie mbele ya safari.

Nusu ya fedha kabla ya ukaguzi ni kununua mbuzi kwenye gunia. Akiwa na hofu ya kupoteza mteja, mpe kiasi kidogo cha kulishikilia gari kwa siku chache, kwa karatasi iliyosainiwa inayosema kitarudishwa chote ikiwa ukaguzi hautaridhisha. Salio lilipwe benki, siku ya kusaini na kukabidhiwa kadi, nawe au mwakilishi wako mkiwa mmekaa naye.

Mkazi wa Kirumba

Nawashukuru sana, na shangazi nakushukuru pia kwa kunikumbusha nisiloliwaza. Nimeomba video ya alfajiri. Muuzaji alisita, kisha leo asubuhi akaipiga. Tairi za nyuma zinalingana. Mbele kushoto gari lilikuwa chini ya upande wa kulia kwa takribani sentimita 4, na lilipowashwa lilijiinua taratibu. Anasema ni upepo wa tairi tu. Injini iliwaka kwa utulivu, na tarakimu sita za mwisho zilizogongwa kwenye injini zimezidi 468993. Jambo lililonishangaza ni kwamba skrini ya katikati ilipowaka, maandishi yake yalikuwa ya Kijapani.

Fundi wa Gerezani

Upepo wa tairi haujirudishi wenyewe injini ikiwashwa. Hiyo ni shokapu ya mbele kushoto inayovuja, au bomba lake, na habari njema ni kwamba kwa kuwa linapanda, kompresa bado iko hai. Pata bei ya shokapu mpya na ya kuifunga, uiondoe kwenye bei yake, au aitengeneze kabla na mtu wako arudie kipimo cha alfajiri. Lisisafirishwe kwa kuendeshwa likiwa hivyo, maana kompresa haitafika Singida. Kwa upande wa injini, umepona ile gia, ila fundi wako bado afungue soketi za sumaku za kamshafti, ile shafti inayofungua vali za injini, aone kama oili imepenya kwenye nyaya.

Wakala wa Forodha, Kurasini

Skrini ya Kijapani maana yake gari limetoka Japani, na hadithi ya Uingereza iondoke mezani. Huenda naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia. Omba ile hati ya Kijapani ya kufutiwa usajili. Kama aliyeliingiza gari aliitunza, kilomita zimeandikwa humo kwa tarakimu za kawaida, huhitaji mkalimani.

Mkazi wa Kirumba

Nimemwandikia nikitaka hati hiyo na picha ya kadi pande zote mbili kwanza. Vikija, nitamlipa fundi aende yadi. Visipokuja, sioni sababu ya kumlipa nauli.