MREJESHO: Ile mashine ya ngoma, Roland TR-606, imepona

Wakuu, niliwauliza kama TR-606, mashine ya umeme ya kupiga midundo ya ngoma, niliyoikuta stoo kwa baba mdogo, masalia ya bendi yake, inafaa kutengenezwa au niiuze kwa kilo. Imetengenezwa, na inapiga.

Tatizo lilikuwa betri zilizovujia ndani. Aliyenishauri siki, Mungu ambariki: ule unga wa kijani kwenye springi ulitoa povu ukaachia, tukamalizia na msasa laini. Fundi redio wa Ngarenaro akabadilisha waya uliolika, taa zikawaka.

Raha yenyewe ni marekebisho. Mashine hii ya 1981 haina sauti zilizorekodiwa. Kila mlio unazaliwa kwenye saketi papo hapo. Hata toazi linatokana na mitetemo sita ya umeme inayochanganyika. Kwa hiyo ukigusa saketi, umegusa sauti yenyewe. Fundi aliunga volyumu ndogo upande wa besi: ukiizungusha, ule mdundo mkavu wa "tup" unarefuka kuwa "duuum" unaousikia kifuani. Tukatoboa na tundu la jeki nyuma, besi ikaenda kwenye miksa peke yake. Waliosema nisitoboe ili thamani isishuke, nawaelewa, ila hii haiuzwi. Baba mdogo alivuta kiti akaanza kupanga mdundo kwenye vile vitufe 16 kana kwamba aliiacha jana.

Kilichobaki ni kuioanisha na kompyuta. Mwenye kisanduku cha kugeuza MIDI (lugha ambayo kompyuta na vyombo vya muziki huwasiliana) kwenda DIN sync (ishara ya umeme inayofanya mashine za zamani kama hii ziende kwa mwendo mmoja) hapa Arusha, tafadhali anijulishe.