Kozi ya falsafa ya Kigiriki imemruka Syrianus kama hakuwahi kuzaliwa!!

Wakuu kwema? Mi sio kwema.

Nimelipia kozi ya mtandaoni ya falsafa ya Wagiriki wa kale, hela ya jasho, bando langu, na vipindi vinaanza saa nne usiku. Majuzi mhadhiri kamaliza Plotinus, yule aliyeanzisha Uplato mpya (falsafa ya Plato iliyosomwa upya), kafa mwaka 270 BK, slaidi inayofuata Proclus, mwanafalsafa wa mkondo huohuo wa karne ya tano! Karne moja na nusu kairuka kama dimbwi. Eti Proclus "aliibuka" Athens. Kaibuka kama uyoga?

Nikauliza Syrianus, mwalimu wa Proclus, yuko wapi, nikajibiwa "huyo mdogo, hayupo kwenye silabasi".

Mdogo?? Proclus kafika Athens hata miaka 20 hajatimiza, akamkuta Plutarch kazeeka hoi (sio yule mwandishi wa maisha ya watu wakubwa, huyu mwingine, mkuu wa shule ya wafuasi wa Plato pale Athens), mzee akafariki 432 kijana akabaki mikononi mwa Syrianus, wakapiga Aristotle yote, mantiki maadili siasa fizikia, miaka miwili haijafika wamemaliza, ndo akamwingiza kwa Plato, maana kwao Aristotle ilikuwa kama kuandaliwa tu kabla hujaingizwa ndani.

Na ile namna ya kusoma Parmenides (kitabu cha Plato kinachopima dhana kadhaa juu ya "Mmoja", kwao ndo chanzo cha vyote) wanayompigia makofi Proclus, kwamba kila kinachokanushwa juu ya yule Mmoja kwenye dhana ya kwanza ndo kinakuja kuthibitishwa kwenye dhana ya pili kwa ngazi za miungu, Proclus MWENYEWE anasema kaitoa kwa mwalimu wake. Sasa wewe wa slaidi unabisha nini?

Alexandria nako hivyohivyo. Hermias alisoma kwa Syrianus, maandishi yake juu ya Phaedrus (kitabu kingine cha Plato) yametokana na darasa la Syrianus, akamuoa Aedesia ndugu wa mwalimu (mwanzo alikuwa aolewe na Proclus, haya mambo matamu mnayaficha ya nini), wakamzaa Ammonius, na kwa Ammonius wakapita wanafalsafa Simplicius, Philoponus na Damascius.

Sawa, vitabu vya Syrianus vingi vimepotea, kikubwa kilichobaki ni ufafanuzi wa vitabu vinne vya Metafizikia ya Aristotle, humo anamchapa Aristotle kwelikweli kumtetea Plato. Ila kupotea kwa vitabu sio kupotea kwa mtu. Proclus alipofariki 485 alizikwa kaburi moja na mwalimu wake, kule kilima cha Lycabettus, Athens, Syrianus mwenyewe ndo aliagiza hivyo.

Nimeomba hela yangu irudi. Naambiwa nisubiri siku saba za kazi, leo ya kumi na moja.