Bondia wa kilo 54 mnamwandikisha 50, halafu mnasema wasichana hawana pumzi

Nimenyamaza wiki tatu. Mama alituomba tusilete maneno, maana ukimchokoza mkubwa, atakayeumia ni mtoto. Lakini jana nimesoma mtu hapa ameandika kuwa mabondia wetu wa kike wakivuka mpaka "wanaenda kupiga picha tu, pigano la kwanza nje." Basi leo viazi karai vingoje, karai iko chini, nina maneno.

Huyo mnayemcheka kwa kutolewa pigano la kwanza ni mdogo wangu wa tumbo moja. Alianza ndondi akiwa darasa la saba, akivuka feri kutoka Likoni na glavu za kuazima ndani ya mfuko wa unga. Wasichana walikuwa watatu, na zamu yao ya kupiga gunia ilifika wavulana wakishachoka, magharibi ikiadhiniwa. Uzani wake ni kilo 54. Ndio alioshindia huku Pwani, ndio alioshindia majaribio ya kuchagua timu, mbele ya macho ya watu.

Kufika kambini Nairobi, siku kumi kabla ya safari, anaambiwa jina lake limepelekwa kwenye kilo 50. Kwani 54 kuna nani? Kuna msichana aliyepigwa na yeye kwenye majaribio hayo hayo! Kuuliza, akajibiwa, "Wewe mwembamba, utashuka tu." Na aliyesema hivyo, wallahi, tumbo lake huingia mlangoni kwanza, yeye hufuata.

Kwa wasiojua: ndondi za ridhaa si kama za kulipwa, ambako unapimwa leo, unakula, unalala, unapigana kesho. Huku unapimwa asubuhi na siku hiyo hiyo unapanda ulingoni, raundi tatu za dakika tatu tatu. Ukishinda, siku ya pigano lijalo unarudi kwenye mizani tena. Ukizidi gramu mia, umetoka. Hapo hakuna kujuana.

Siku kumi alikula mayai ya kuchemsha na kabeji bila chumvi. Maji alikuwa akiyasukutua na kuyatema. Halafu tiketi zilikatwa zikiwa zimechelewa, ndege mbili na kungoja usiku mzima uwanjani, miguu ikavimba. Wakafika usiku, kipimo ni asubuhi. Saa kumi alfajiri ananipigia simu ya video yuko kwenye ngazi za hoteli, amevaa trakisuti mbili na ndani amejifunga mifuko ya plastiki, ile tuliyokatazwa huku tangu 2017. Anapanda na kushuka. Amezidi gramu 600. Nikamuuliza kocha wake yuko wapi. Kocha wake hakusafiri, nafasi yake alipewa mtu ambaye mpaka leo sijaelewa kazi yake ilikuwa nini, ila picha zake za madukani nimeziona zote.

Saa kumi na mbili bado gramu 200. Jasho limekata, mate hayatoki. Akanitazama tu. Akachukua mkasi wa kukatia bendeji akaanza kukata rasta zake, moja moja, karibu na ngozi. Rasta hizo alisukwa na mama siku mbili mfululizo, Majengo, barazani, ili aende akiwa nadhifu. Mama alikuwa nyuma yangu akiona. Hakusema kitu, alikwenda kuzima jiko.

Uzani akaupata. Jioni akapanda. Raundi ya kwanza jaji mmoja kati ya watano alimpa yeye, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ukifika. Raundi ya pili miguu ikagoma. Ya tatu alikuwa akishikilia kamba. Mnasema hana pumzi? Pumzi iliisha kwenye ngazi.

Na msiniambie wanawake wa Kenya hawawezi. Olimpiki ya kwanza ya ndondi za wanawake ilikuwa London 2012, uzani wa aina tatu tu, kilo 51, 60 na 75, na Elizabeth Andiego alikuwepo kwenye 75. Aliyekuwa na kilo 66 mwaka huo ilibidi anenepe, akonde, au akae nyumbani. Christine Ongare alileta shaba ya Jumuiya ya Madola kutoka Gold Coast 2018, kilo 51. Olimpiki ya Tokyo walikwenda yeye na Elizabeth Akinyi, wakatoka pigano la kwanza wote wawili, na hapo ndipo nyimbo hizi za "picha tu" zikashika kasi. Sisemi yao yalikuwa kama ya mdogo wangu, siyajui ya ndani. Nasema Olimpiki ya Paris 2024 uzani wa wanawake ulifika sita, na 54 ulikuwemo. Ulikuwemo! Kwa hiyo hata kisingizio cha "hakuna nafasi yako" hakipo.

Kichwa amenyoa chote sasa, anavaa mtandio. Asubuhi ananisaidia kumenya viazi. Marupurupu aliyoahidiwa hajaona hata shilingi.

Juzi wamempigia tena. Kuna safari nyingine, wanamtaka, kilo 50. Mama akamnyang'anya simu akaikata.

Sasa swali langu, na naomba ajibu mtu aliyewahi kusimamia timu, si wapiga domo: ile fomu ya kumwandikisha bondia na uzani wake, mwenyewe haitii sahihi? Na kama huitia, sahihi iliyoko kwenye ya mdogo wangu ni ya nani?