Barafu au maji moto? Kifundo kimeteguka, kiuno nacho kimekaza

Pweza_Mkavu
Wakuu, habari za humu. Juzi nimeteleza kwenye ngazi, kifundo cha mguu kikateguka na kuvimba hadi kiatu hakiingii. Hapo hapo nina kiuno cha siku nyingi, kila asubuhi naamka nimekakamaa kama ubao. Nyumbani wamegawanyika: mama mkwe anasema kote nikande kwa maji moto, shemeji anasema barafu tu. Jana nilimsikiliza mama mkwe, nikatumbukiza mguu kwenye beseni la maji moto. Raha ya dakika kumi, kisha ukavimba maradufu. Nani yuko sahihi?

Mzee_wa_Kukanda
Wote wawili, ila kila mmoja kwa kiungo chake. Joto hutanua mishipa ya damu, na jeraha bichi linachuruzika ndani kwa ndani, ndiyo maana mguu ulikujibu vile. Baridi huibana mishipa na kutia ganzi. Weka barafu dakika 10 hadi 20, ondoa, rudia baada ya saa mbili hivi, kwa siku mbili tatu za mwanzo. Uinue na mguu. Kiuno ndicho cha mama mkwe: msuli uliojikaza unataka joto. Mimi naweka chupa ya maji moto dakika 15 kabla ya kujinyoosha. Nikijinyoosha bila joto, nasikia kila pingili ikilalamika.

BintiSefu
Natofautiana kidogo na mzee. Barafu inasifiwa kupita kiasi. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin ndiye aliyeeneza, mwaka 1978, ule utaratibu wa kupumzisha, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua. Miaka mingi baadaye mwenyewe akabadili msimamo, akaandika kwamba barafu na mapumziko marefu huenda vikachelewesha kupona, maana uvimbe nao ni kazi ya mwili kujikarabati. Maumivu yakivumilika, wala usihangaike na barafu.

Mzee_wa_Kukanda
@BintiSefu hilo sikatai. Lakini mtu asiyepata usingizi kwa maumivu, mwache aweke barafu alale.

GotiBovu
Mimi nina baridi yabisi na natumia vyote. Asubuhi joto, kwa sababu shida ya asubuhi ni kukakamaa. Jioni goti likiwa limevimba na lina moto, baridi.

Ila niongeze jambo ambalo watu hulisahau: barafu nayo inaunguza. Niliwahi kubandika kifuko cha jeli moja kwa moja kwenye ngozi, nikaamka na malengelenge. Kifuko kikitoka kwenye friza kinaweza kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu iliyoanza kuyeyuka ndani ya mfuko wenye maji kidogo haiwi baridi kiasi hicho, inabaki kwenye sifuri, na mfuko unajikunja vizuri kuzunguka kifundo. Na taulo jembamba katikati, kila mara.

Dada_Salha
Na upande wa joto pia, jamani. Usilale na chupa ya maji moto. Ukijizoesha kuweka joto kali mahali pamoja kila siku, ngozi huota madoa ya kahawia yaliyosukana kama wavu. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asiguse maji moto wala barafu bila kumuuliza daktari: baba yangu mdogo aliungua unyayo na hakujua mpaka alipoona soksi imelowa.

@Pweza_Mkavu, unaweza kutembea hatua nne kwa mguu huo? Kama huwezi, au mfupa wenyewe wa kifundo unauma ukiubonyeza, nenda ukapigwe eksirei kwanza. Na kiuno, ukianza kufa ganzi katikati ya mapaja au mkojo ukakushinda, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

BintiSefu
Namuunga mkono dada Salha. Na hatua zenyewe zikiwezekana, tembea kidogo kidogo, usiufungie mguu kitandani wiki nzima.

Pweza_Mkavu
Hatua nne nimezipiga, nachechemea tu, na mfupa haunichomi. Mkojo salama, alhamdulillahi. Sasa hivi mfuko wa barafu uko mguuni, shemeji anatabasamu pale mlangoni. Mama mkwe amenuna kidogo, lakini nikamwambia kiuno ni chake, akaenda kubandika maji jikoni.