Mrejesho: yule bibi harusi wa "kupozi au matukio"

Jamani, nimerudi. Niliwauliza tuchague picha za kupozi au za matukio yenyewe, maana mume wangu akiona kamera anakakamaa kama anapigwa ya kitambulisho.

Tulichanganya, kama wengi mlivyoshauri. Za familia tulizimaliza kwa dakika 40: majina kwenye karatasi, shangazi akiita watu kwa sauti ya mnadani. Kisha saa 11 jioni, jua limelegea, tukatembea tu kwenye magofu ya Kaole, Bagamoyo. Mpiga picha alikaa mbali na lenzi ndefu, hakutuelekeza chochote. Kanzu ya bwana ikanasa kwenye mwiba, akacheka hadi magego yakaonekana. Hiyo ndiyo iliyoko sebuleni sasa.

Nilipokosea ni ukumbini. Mlinionya niongee mapema na watu wa taa, nikapuuza. Taa za zambarau zikatugeuza mabilinganya! Za kukata keki ilibidi zifanywe nyeusi na nyeupe ndipo zikatazamika.

Mama mkwe bado anaulizia ile ya kutengeneza kopa kwa vidole. Mama, hatukupiga.